Gertrude Elion: Aliacha PhD, akatuachia dawa ya kulinda figo

Kama umewahi kumeza Septrin, ama dadako mjamzito alipewa kliniki zile tembe tatu za kuzuia malaria, basi kuna mwanamke wa New York ambaye kazi yake imeshafika kwenu nyumbani. Maabara aliyofanyia kazi Gertrude Elion ndiko dawa hizo zilikoanzia. Lakini leo nataka nikusimulie kuhusu tembe yake nyingine, ile iliyowawezesha watu kuishi na figo ya mtu mwingine.

Alizaliwa Januari 23, 1918. Babake alikuwa daktari wa meno, mhamiaji kutoka Lithuania, na soko la hisa lilipoporomoka 1929 akafilisika. Gertrude akiwa na miaka 15, babu yake akafa kwa saratani ya tumbo. Hapo ndipo alipoamua atasoma kemia. Bahati nzuri Hunter College haikuwa ikitoza karo, akamaliza 1937 akiwa na miaka 19 tu, na alama za juu kabisa.

Halafu milango ikafungwa. Aliomba ufadhili wa masomo ya juu vyuo 15, vyote vikamkatalia. Mahali pamoja alipotafuta kazi aliambiwa ati atawavuruga wanaume maabarani. Sababu gani hiyo, jamani? Akajiunga na shule ya ukarani, wiki sita akatoka. Akafanya kazi ya maabara bila mshahara ili tu apate uzoefu. Mwaka wa 1941 akapata shahada ya pili, akisoma usiku na wikendi, na mwaka huo huo mchumba wake akafariki kwa maambukizi ya moyo. Penisilini ingemponya, ila ilikuwa bado haijawafikia wagonjwa. Gertrude hakuolewa maisha yake yote.

Vita vya Pili vilipowachukua wanaume, nafasi zikapatikana. Unajua kazi aliyopata? Kupima uchachu wa achari na rangi ya mayonezi kwenye kampuni ya vyakula. Ndiyo, achari!

Mwaka wa 1944 akaajiriwa na George Hitchings katika kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome. Jioni alikuwa akisomea PhD Brooklyn, mpaka chuo kikamwambia achague: asome kutwa nzima au aondoke. Akachagua kazi. Mimi pia niliacha chuo, kwa hivyo nikuonye mapema: usimpelekee mzazi wako kisa hiki kama ushahidi. Huyu mama aliacha darasa, ila maabarani alikuwa hatoki.

Wazo lao lilikuwa hivi. Seli ikitaka kuzaana, lazima kwanza inakili DNA yake, na DNA hujengwa kwa matofali ya aina nne. Elion akawa anatengeneza matofali feki. Seli inayozaana kwa kasi inayachukua, ujenzi unakwama. Tofali moja, merkaptopurini, likaanza kutumika 1953 kwa watoto wenye saratani ya damu.

Sasa, askari wa kinga ya mwili nao huzaana kwa kasi wakiona mgeni. Mwaka wa 1954 madaktari wa Boston walipandikiza figo ikafanya kazi, lakini waliopeana na kupokea walikuwa mapacha wa kufanana, kwa hivyo mwili haukuona mgeni. Kwa wengine mwili uliikataa figo. Madaktari walijaribu kuwachoma wagonjwa kwa miale mwili mzima, na wengi wakafa. Kufikia 1960 merkaptopurini ilikuwa imeonyesha inatuliza kinga ya wanyama, na daktari mpasuaji Mwingereza, Roy Calne, akaja kutafuta kitu bora zaidi. Elion na Hitchings wakampa azathioprini, inayojulikana pia kama Imuran. Aprili 1962, huko huko Boston, mgonjwa alipandikizwa figo ya marehemu asiye ndugu yake, akaishi zaidi ya mwaka.

Dawa hii ina bei yake mwilini. Cape Town, Desemba 1967, Louis Washkansky alipokea moyo wa kwanza wa binadamu kupandikizwa, na azathioprini ilikuwa kati ya dawa alizopewa. Moyo ulipiga. Aliuawa na nimonia baada ya siku 18, kwa sababu kinga yake ilikuwa imeshushwa. Dawa ikipungua, mwili unakataa kiungo. Ikizidi, viini vinashinda.

Hesabu hiyo haijabadilika, hata kama siku hizi wengi humeza takrolimasi badala ya azathioprini. Pengine uko Mama Ngina unakula mihogo na binamu yako aliyewahi kusafishwa damu kwa mashine kila wiki, mkamchangia kwenye WhatsApp mpaka akapata figo. Sasa yuko fiti, tembe ni ghali, na anafikiria kuruka siku mbili tatu. Mwambie kufiti kwake kunatokana na hizo tembe. Askari wa mwili hawaizoei figo ya mgeni, hata miaka kumi ikipita. Na kama anatumia azathioprini halafu kidole gumba cha mguu kimefura kwa gauti, asikimbilie duka lolote la dawa hapa Kizingo kununua allopurinoli bila daktari wake kujua. Hiyo nayo ilitoka kwa Elion na Hitchings, na zikikutana azathioprini hupanda mwilini hadi kuua uboho wa mifupa.

Elion alipata Tuzo ya Nobel 1988, pamoja na Hitchings na James Black. Mwaka uliofuata chuo cha Brooklyn kikampa PhD ya heshima. Alifariki Februari 21, 1999, akiwa na miaka 81. Kilichomfurahisha kuliko tuzo zote, alivyokuwa akieleza mwenyewe, ni kukutana na watu waliokuwa wakitembea na figo zao mpya.