Mtawa Aliyefundisha Hesabu kwa Lugha ya Sokoni

Wanafunzi wengi wa uhasibu huamini kwamba Luca Pacioli ndiye aliyebuni mfumo wa kuingiza kila shughuli mara mbili. La hasha! Wafanyabiashara wa Italia waliutumia kwa zaidi ya miaka 100 kabla yake.

Pacioli alizaliwa Sansepolcro yapata mwaka wa 1447. Ujanani aliwafundisha wana wa mfanyabiashara mmoja wa Venice, kisha akawa mtawa wa Kifransisko na mwalimu wa hisabati. Mnamo 1494 alichapisha kitabu kikubwa cha hisabati ambacho sehemu yake moja ilieleza uwekaji hesabu: kwanza orodha ya mali na madeni, kisha daftari tatu, hatimaye urari. Baadaye, huko Milan, alimfunza Leonardo da Vinci hisabati. Alifariki mwaka wa 1517.

Ukuu wake, basi, haumo katika uvumbuzi bali katika ufafanuzi. Aliacha Kilatini cha wanazuoni, akaandika kwa lugha ya wenye maduka. Ndipo siri ya wachache ikawa elimu ya wengi.

Hata hivyo, urari una mipaka. Hufichua kosa la upande mmoja, lakini haufichui deni ambalo halikuandikwa kabisa. Hapo mkaguzi hana budi kutumia busara yake. Yafaa wanafunzi wanaotafiti uamuzi wa wakaguzi waanzie kwenye pengo hilo, na matokeo yao wayaandike kwa lugha ambayo mwenye hisa wa kawaida ataielewa.