Toweett wa Kericho, Mtu wa KADU

Mtu wa pwani anywapo chai yake ya asubuhi, mahamri yakiwa sahanini, ni nadra akumbuke kwamba majani yale yametoka huko juu Kericho na Bomet, ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri na vilima vimevaa kijani kimoja mpaka macho yanachoka. Ni nadra zaidi akumbuke kwamba uliwahi kuwako wakati ambapo watu wa huko na watu wa huku walikuwa chama kimoja cha siasa, wakikaa meza moja na kuogopa jambo moja. Chama hicho kiliitwa KADU. Kiongozi wake, Ronald Ngala, twamjua sote, kwani alikuwa wetu. Lakini mwenzake wa nchi ya chai, hayati Taaitta arap Toweett, amesahauliwa sana huku kwetu, na leo ndiye tutakayemzungumza.

Jina lake la kwanza laweza kumghuri mtu wa pwani akadhani ni Mtaita. Sivyo. Alikuwa Mkipsigis, mzaliwa wa wilaya ya Kericho, mwaka 1925. Tarehe hiyo ni ya kuangaliwa, kwa sababu miaka hiyo hiyo ndiyo kampuni kubwa za Kiingereza zilipoanza kupanda chai katika ardhi ya Kericho kwa wingi. Kabla yake, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya mkoloni ilikuwa imewamegea maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani ekari 25,000 za Wakipsigis ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, maofisa wakashindwa, na ardhi hiyo haikurudi kwa wenyewe. Ilipita mikononi mwa kampuni za chai. Basi Toweett na chai ya Kericho ni kama mtu na jirani yake waliokua pamoja, ila jirani huyo alijenga katika kiwanja cha baba yake.

Na haikuishia kwenye ardhi. Mwaka 1934 serikali ilipitisha sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ikawapeleka Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali pa joto na mbung'o. Kijana aliyekua Kericho miaka ile alijua mapema kwamba mtu aweza kuamka asubuhi akaambiwa kwao si kwao tena.

Toweett alisoma Kabianga, akaenda Alliance, kisha Makerere, na baadaye akapelekwa Uingereza kusomea mambo ya utawala na maslahi ya jamii. Aliporudi alihariri gazeti la Kikipsigis lililoitwa Ngalek ap Kipsigis. Mapenzi ya lugha hayakumtoka mpaka kufa. Hata jina lake alitaka liandikwe kwa herufi zake zote, kama masikio ya Kikipsigis yanavyolisikia, japo magazeti na waandishi wa Bunge walikuwa wakimpunguzia herufi wapendavyo.

Mwaka 1958, viti vya Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria vilipoongezwa sita, Toweett alishinda kimoja. Alimkuta ndani Daniel arap Moi, aliyeingia mwaka 1955. Tangu siku hiyo, vilima vya Wakalenjin vikawa na fahali wawili. Ugomvi wao haukuwa wa kelele, lakini ulidumu zaidi ya miaka ishirini.

Sasa tufike mwaka 1960, kwa kuwa hapo ndipo palipo kiini cha maisha ya mtu huyu. Mkoloni alikuwa amekubali kwamba Kenya ingetawaliwa na Waafrika, na kila mmoja alianza kuhesabu watu wake. Mwezi wa Mei, huko Kiambu, KANU kilichagua viongozi wake: James Gichuru rais, Oginga Odinga makamu, Tom Mboya katibu mkuu. Ngala alipewa uweka hazina na Moi akawa msaidizi wake, wote wawili wakiwa safarini, hawakuulizwa wala hawakuwapo. Kwa wafuasi wao jambo hili halikuonekana kama heshima. Lilionekana kama mtu kuwekewa mkeka mlangoni katika arusi ya nduguye. Ngala na Moi wakavikataa vyeo hivyo.

Wakati huo Toweett alikuwa amekwisha kuunda Muungano wa Kisiasa wa Wakalenjin, naye ndiye rais wake. Muungano huo ulikusanya Wakipsigis, Wanandi, Watugen, Wakeiyo na wengineo ambao zamani hawakujiita kwa jina moja. Ngala alikuwa na chama chake cha pwani, Masinde Muliro alikuwa na chake cha magharibi, Wamasai na Wasomali nao walikuwa na vyao. Mwezi wa Juni walikutana Ngong. Hapo kila mmoja alikuja akiwa bwana wa nyumba yake, na nyumba moja haiwezi kuwa na mabwana watano.

Namna walivyoligawa jambo hilo yafaa itazamwe kwa makini. Ngala alifanywa rais wa KADU. Muliro akawa makamu wake, Moi mwenyekiti, na Martin Shikuku katibu mkuu. Toweett, aliyekuja Ngong akiwa rais wa muungano wa kabila kubwa zima, hakupata kimojawapo cha vile vyeo vya juu kabisa, na cheo cha Wakalenjin kikaenda kwa Moi. Angeweza kuondoka na watu wake, na KADU kingekufa siku ileile ya kuzaliwa. Hakuondoka. Mwandishi huyu anaona kwamba hilo lilikuwa tendo kubwa kuliko yote aliyoyafanya baadaye katika wizara, ingawa wanahistoria hulipita haraka.

Kwa nini alikubali? Ukitazama ramani utapata jibu. Wakati wa mkoloni Kericho ilikuwa katika Mkoa wa Nyanza, pamoja na Wajaluo na Wakisii. Katika mashamba ya chai vibarua wengi walitoka katika makabila hayo na kwa Waluhya, na Wakipsigis wengi walibaki na ng'ombe wao na mahindi yao pembezoni mwa mashamba. Uhuru ukija kwa hesabu ya vichwa tu, alihofu Toweett, Wakipsigis wangetoka mikononi mwa Mzungu na kuingia mikononi mwa wengine walio wengi zaidi, na zile ekari za babu zao zingegawanywa Nairobi. Dawa aliyoiona, yeye na wenziwe, ilikuwa majimbo: kila mkoa uwe na baraza lake, na ardhi iwe chini ya baraza hilo.

Sisi wa mwambao hofu hiyo hatuhitaji kuelezwa. Miaka hiyohiyo huku kwetu watu waligawanyika vikali. Wako waliotaka Mwambao wa maili kumi usimame peke yake au ubaki kwa Sultani wa Zanzibar, na wako waliomfuata Ngala, ambaye alitaka pwani nzima, Mijikenda na Waislamu wa mjini, iwe jimbo moja ndani ya Kenya. Wengi hawakumpenda Ngala katika hilo. Lakini wapo waliosema kwamba majimbo ni nusu ya mkate, na aliye na njaa hatupi nusu. Kwa njia hiyo mzee wa Lamu aliyehofia mahakama ya kadhi na Mkipsigis aliyehofia malisho yake walijikuta upande mmoja bila kuwahi kuonana.

Uchaguzi wa Februari 1961 KANU kilipata viti 19 na KADU 11. KANU kilikataa kuunda serikali mpaka Jomo Kenyatta aachiliwe. Ngala akakubali, akisaidiwa na Wazungu wa chama cha Michael Blundell, na Toweett akapewa wizara ya Kazi na Nyumba. Walitukanwa sana kwa hilo, waliitwa vibaraka, na lazima isemwe kweli: kushika madaraka kwa msaada wa masetla hali mwenye nchi yuko kizuizini kulikipaka KADU doa ambalo halikufutika. Toweett alibeba sehemu yake ya doa hilo.

Kenyatta aliachiliwa mwezi wa Agosti. Alijaribu kuviunganisha vyama viwili, akashindwa, na Oktoba akashika urais wa KANU. Mwaka 1962, baada ya mkutano wa London, ikaundwa serikali ya mseto, na Toweett akahamia wizara ya Ardhi. Mtoto wa Kericho akawa waziri wa ardhi! Lakini mamlaka makubwa ya ardhi yalikuwa bado kwa Gavana, na fedha za kuwanunua masetla zilitoka Uingereza, kwa hiyo waziri alikuwa na ofisi kubwa kuliko mkono wake.

Na ndani ya KADU nyufa zilianza. Tume ya mipaka ya majimbo ilipozunguka nchini, Wakipsigis walipata walichokitaka: Kericho ikatolewa Nyanza, ikatiwa Bonde la Ufa. Lakini Kitale na Trans Nzoia zilikuwa zikidaiwa na watu wa Muliro, na zikidaiwa pia na Wakalenjin. Zikaenda Bonde la Ufa. Muliro, makamu wa chama, akabaki kuwaeleza watu wake kwa nini chama chao cha kulinda ardhi za wanyonge kimewapa wengine ardhi waliyoililia wao. Hapo ndipo udhaifu wa KADU ulipoonekana wazi. Umoja wake ulikuwa mapatano ya wakubwa, kila mmoja akilinda kwake. Maadamu adui yuko nje, mapatano yalishika. Jambo lilipohitaji mmoja ampe mwenziwe shamba, hapakuwa na chama, palikuwa na majirani tu.

KANU nacho hakikuwa na amani ndani, maana Mboya na Odinga walikuwa wakivutana hadharani, lakini kilikuwa na Kenyatta wa kukifunika. KADU hakikuwa na mtu kama huyo.

Mei 1963 KANU kilishinda. KADU kilibaki na mabaraza ya Bonde la Ufa, Magharibi na Pwani, na Moi akawa rais wa baraza la Bonde la Ufa. Serikali ya Nairobi ikayabana mabaraza hayo kwa fedha mpaka yakawa vivuli. Wabunge wakaanza kuvuka mmoja mmoja. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama Bungeni akakivunja KADU, na mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri. Chama kilikuwa kimeishi miaka minne na miezi michache.

Wakubwa walioivunja nyumba walipokewa vizuri. Moi akawa Makamu wa Rais mwaka 1967. Ngala akawa waziri, akafa Desemba 1972 baada ya ajali ya gari katika barabara ya Mombasa. Toweett alipata kiti cha Buret mwaka 1969 na Kenyatta akampa wizara ya Elimu. Alikuwa humo Desemba 1973, karo ilipofutwa kwa madarasa manne ya kwanza, na shule zikafurika watoto ambao madawati yao hayakuwapo. Mwaka 1976, UNESCO ilipofanya mkutano wake mkuu wa 19 Nairobi, ni yeye aliyechaguliwa kuuongoza. Mkutano huo ndio uliopitisha pendekezo la kuhifadhi miji ya kale, nasi wenye Mji wa Kale wa Mombasa na Lamu, iliyotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, tuna haki ya kulikumbuka jina la aliyekaa kitini.

Kisha yakaja ya mwaka 1979. Moi alikuwa Rais tangu mwaka uliopita, na Wakalenjin wengi walidhani siku zao zimefika. Toweett, aliyekuwa rais wa muungano wao kabla ya Moi kuwa lolote ndani yake, aliangushwa huko huko Buret na Jonathan Ng'eno, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Watu wa nyumbani walitazama jua linakochomozea, wakafuata. Fahali mmoja akabaki zizini.

Mwaka huohuo wa kushindwa ndio alioutumia kutoa vitabu. Alichapisha uchunguzi wake wa lugha za Kikalenjin, ambazo alikuwa amezisomea mpaka udaktari, akachapisha historia ya Wakipsigis kama wazee walivyoisimulia, na kikatoka pia kijitabu cha mfukoni cha majina ya vitu, cha Kiingereza, Kiswahili na Kikalenjin. Wanasiasa wengi wakianguka huenda mahakamani au hurudi kwa ng'ombe. Yeye alirudi kwa maneno.

Alifariki mwezi wa Oktoba 2007, akiwa na miaka 82. Wakati huo nchi ilikuwa katika kampeni za uchaguzi, na neno majimbo lilikuwa limerudi midomoni mwa watu kama kwamba miaka 43 haikupita. Wiki chache baada ya mazishi yake, matokeo yalipotangazwa, Bonde la Ufa likawaka moto, na vibarua wa makabila mengine wakatimuliwa katika mashamba ya chai ya Kericho. Katiba ya 2010 iligawa nchi katika kaunti 47, na mabaraza ya kaunti yalipoanza mwaka 2013, Kericho ilikuwa na lake na Bomet lake. Mahakama za kadhi zilibaki katika katiba hiyo. Ekari za chai zimeendelea kudaiwa na wajukuu wa waliozipoteza, na Watalai nao wamepeleka kilio chao mpaka Ulaya.