Martin Luther: Mtawa Aliyetafuta Uhuru

Huyu siye Martin Luther King wa Marekani, bali ni yule wa kale, aliyezaliwa mwaka 1483 mjini Eisleben, Ujerumani. Babake alimtaka awe mwanasheria. Lakini mwaka 1505 radi ilimpigia karibu akiwa njiani, naye kwa hofu ya mauti akaweka nadhiri ya kuwa mtawa. Akafunga, akakesha, akaungama dhambi zake mara kwa mara, moyo haukutulia.

Katika nyaraka za Paulo akafahamu kuwa Mungu humkubali mtu kwa kumwamini Kristo, si kwa amri walizotunga wanadamu. Basi vyeti vya kupunguziwa adhabu ya dhambi vilipouzwa, mwaka 1517 alivipinga kwa hoja 95. Mwaka 1520 akaandika kitabu juu ya uhuru wa Mkristo: imani humtoa mtu utumwani, na mapenzi humfanya amtumikie jirani. Mwaka 1521 Papa alimtenga na Kanisa.

Wafuasi wake walipoanza kulazimisha mageuzi kwa fujo, mwaka 1522 alirudi Wittenberg akawakanya. Imani, aliwafundisha, haiingizwi moyoni kwa nguvu. Alifariki mwaka 1546, mji ule ule alikozaliwa.