August Wöhler (1819–1914): Mhandisi Aliyechunguza Uchovu wa Chuma

August Wöhler alizaliwa tarehe 22 Juni 1819 mjini Soltau, Ujerumani. Alisomea ufundi mjini Hannover, kisha akafanya kazi katika karakana ya vichwa vya garimoshi mjini Berlin.

Mwaka 1842 garimoshi lililotoka Versailles kwenda Paris, Ufaransa, lilipata ajali. Ekseli ya kichwa chake, yaani chuma kinachounganisha magurudumu mawili, ilikatika ghafla. Mabehewa yalirundikana na kuwaka moto. Watu wasiopungua 50 walikufa. Wahandisi walishangaa: ekseli za garimoshi zilikuwa zikikatika chini ya mzigo uleule zilioubeba siku zote.

Kuanzia mwaka 1847 Wöhler alisimamia vichwa na mabehewa ya kampuni ya reli huko Frankfurt an der Oder. Hapo ndipo alipolishughulikia tatizo hilo. Alibuni chombo cha kupima jinsi ekseli inavyopinda safarini. Kisha aliunda mitambo ya kuzungusha vipande vya chuma vilivyobebeshwa mzigo, akahesabu mizunguko hadi vikatike. Kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 1870.

Ekseli inapozunguka, kila upande wake huvutwa na kubanwa kwa zamu, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Chovya chovya humaliza buyu la asali: ufa mdogo huanza, hukua polepole, na mwishowe chuma hukatika. Wöhler alithibitisha mambo matatu:

1. Mzigo usioweza kuvunja chuma mara moja huweza kukivunja ukirudiwa mara nyingi.
2. Mzigo ukipunguzwa, chuma hudumu zaidi. Chini ya kiwango fulani hakikatiki hata baada ya mamilioni ya mizunguko.
3. Kona kali hudhoofisha chuma. Mahali unene unapobadilika panafaa kuviringwa.

Baadaye Wöhler alikuwa katika uongozi wa shirika la reli mjini Strasbourg. Alistaafu mwaka 1889 na kufariki Hannover tarehe 21 Machi 1914. Hadi leo, wahandisi wa madaraja, ndege na magari hutumia mchoro unaoitwa kwa jina lake kukadiria umri wa chuma kabla hakijamdhuru mtu.

Maswali

(a) Kwa nini ekseli huweza kukatika chini ya mzigo wa kawaida?
(b) Eleza jinsi methali iliyotumika inavyohusiana na uchovu wa chuma.