Buck Buchanan: Wa kwanza katika ligi moja, wa 265 katika nyingine

Mwanzoni mwa mwezi Desemba mwaka 1962, ligi mbili hasimu za futiboli ya Kimarekani ziliteua vijana waliokuwa wakikaribia kumaliza masomo ya chuo. Ligi changa ya AFL ilimtaja Junious Buchanan, maarufu kwa jina la Buck, kuwa wa kwanza kabisa. Ligi kongwe ya NFL ilimtaja akiwa wa 265.

Alikuwa kijana yuleyule, mwenye umbo lilelile na rekodi ileile ya uwanjani. Tofauti ilikuwa katika macho ya waliomtazama, na hasa katika mahali walipokuwa tayari kutazama.

Uteuzi huo wa kila mwaka haufanani na usajili uliozoeleka katika kandanda. Klabu hazinunui vijana wa vyuoni, bali hupokezana zamu ya kuwachagua, na kwa kawaida klabu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndiyo hutangulia. Zamu ya kwanza ni mali ya thamani kubwa, na klabu iliyokosea kuitumia huweza kujutia kwa miaka mingi.

Alabama na Grambling

Buchanan alizaliwa tarehe 10 Septemba mwaka 1940 huko Gainesville, katika jimbo la Alabama, akakulia mjini Birmingham. Katika shule ya sekondari ya Parker alicheza futiboli na mpira wa kikapu.

Wakati huo sheria za ubaguzi wa rangi zilitawala maisha yote ya kusini mwa Marekani. Timu ya Chuo Kikuu cha Alabama, iliyokuwa na sifa kubwa katika jimbo lake mwenyewe, haikuwa na nafasi kwa kijana mweusi, na haikumchezesha mchezaji mweusi mwenye udhamini wa masomo hadi miaka ya mwanzo ya 1970.

Buchanan alikwenda jimbo la Louisiana, katika chuo cha Grambling, kilichoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi. Kocha wake alikuwa Eddie Robinson, aliyeifundisha timu ya chuo hicho tangu mwaka 1941 hadi 1997 na kushinda mechi 408.

Kufikia wakati huo Grambling ilikuwa tayari imetoa ushahidi wa kutosha. Tank Younger alijiunga na Los Angeles Rams mwaka 1949 bila kuteuliwa na klabu yoyote. Willie Davis aliteuliwa katika raundi ya 15 mwaka 1956, kisha akawa nguzo ya ulinzi wa Green Bay Packers. Hata hivyo, klabu nyingi ziliendelea kuwaacha vijana wa vyuo vya weusi hadi raundi za mwisho.

Kumpima mlinzi wa mstari wa mbele

Kazi ya mlinzi wa mstari wa mbele ni kuvunja ukuta wa wanaume wenye nguvu kama yeye, ili amfikie mrusha mpira kabla hajautupa, au amwangushe anayekimbia nao. Mambo haya hutokea katika sekunde chache.

Kwa hiyo wasaka vipaji hutazama kimo na uzito wake, urefu wa mikono, nguvu ya viganja na wepesi wa hatua zake za mwanzo. Baadhi ya mambo hayo hupimika kwa saa na mizani. Swali gumu zaidi ni lile lisilo na kipimo: je, kijana huyu anatamba kwa sababu ni hodari, au kwa sababu wapinzani wake ni dhaifu?

Kwa Buchanan, vipimo vya mwili havikuwa na utata. Alikuwa na kimo cha mita mbili, uzito wa zaidi ya kilo 120, na mbio ambazo hazikutarajiwa kwa mtu wa umbo hilo. Swali lililobaki ni lile la wapinzani, na klabu nyingi zililijibu kwa kutazama jina la chuo badala ya kumtazama mchezaji.

Ni kweli kwamba ushindani wa ligi hizo mbili ulivuruga hesabu. Huenda baadhi ya klabu za NFL ziliogopa kupoteza zamu yao kwa kijana ambaye tayari ametakwa kwingine. Lakini hoja hiyo haitoshi. Ed Budde, mchezaji mweupe wa chuo cha Michigan State, aliteuliwa na klabu ileile ya AFL iliyomchukua Buchanan, akiwa wa nane. Katika NFL, Budde alitajwa wa nne.

Klabu iliyowachukua wote wawili ni Dallas Texans, chini ya kocha Hank Stram. Zamu ya kwanza haikuwa yake kwa asili, bali ilitoka kwa Oakland Raiders, waliokuwa wameitoa ili kumpata mrusha mpira Cotton Davidson. Mwaka 1963 Texans walihamia Kansas City na kuitwa Chiefs.

Buchanan akawa mchezaji wa kwanza kutoka chuo cha weusi kutajwa wa kwanza katika uteuzi wa ligi kuu ya futiboli ya kulipwa. New York Giants, waliomtaja katika raundi ya 19 ya NFL, hawakumpata.

Miaka 13 ya majibu

Aliichezea Chiefs misimu 13, kuanzia mwaka 1963 hadi 1975. Alishiriki mechi 182, zikiwemo 166 mfululizo. Mwaka 1967 peke yake aliziangusha kwa mikono pasi 16 kabla hazijavuka mstari wa mbele.

Waliolipa zaidi ni Raiders, waliokutana nao kila msimu. Mwaka 1967 walitumia zamu yao ya kwanza kumteua Gene Upshaw, kijana mrefu na mwepesi kutoka chuo kidogo cha Texas A&I, wakihitaji mtu wa kuweza kumzuia Buchanan. Klabu iliyokuwa na haki ya kumchagua ilibidi itafute dawa yake, na dawa yenyewe ikatoka tena katika chuo ambacho wengi hawakukitazama.

Tarehe 11 Januari mwaka 1970, mjini New Orleans, Chiefs walipambana na Minnesota Vikings, mabingwa wa NFL, katika fainali ya Super Bowl. Vikings ndio waliotarajiwa kushinda. Stram aliwapanga Buchanan na mwenzake Curley Culp kwa zamu mbele ya Mick Tingelhoff, mchezaji wa kati wa Vikings, aliyekuwa mdogo kwa umbo kuliko wao. Vikings walipata yadi 67 tu kwa kukimbia na mpira. Chiefs walishinda 23 kwa 7.

Kufikia hapo Chiefs walikuwa wamemwajiri Lloyd Wells, msaka vipaji mweusi aliyevijua kwa undani vyuo vya watu wake. Katika kikosi hicho cha ubingwa walikuwamo Otis Taylor wa Prairie View na Willie Lanier wa Morgan State, ambao nao walitoka katika vyuo vya weusi.

Heshima na mauti

Baada ya kustaafu, Buchanan alikuwa kocha msaidizi New Orleans na Cleveland, kisha akarejea Kansas City. Mwaka 1990 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa futiboli huko Canton, jimbo la Ohio. Siku chache kabla ya sherehe hiyo madaktari walimgundua na saratani ya mapafu. Alifariki dunia tarehe 16 Julai mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 51.

Tangu mwaka 1995, tuzo yenye jina lake hutolewa kwa mlinzi bora wa daraja la pili la futiboli ya vyuo, daraja ambalo Grambling imo. Kila mwaka tuzo hiyo huwalazimu wasaka vipaji kutazama vyuo ambavyo zamani walivipita bila kugeuza shingo.