Daktari Dutton na Homa ya Papasi

Sisi tunaopita katika majani marefu kutoka Namoto mpaka ukingoni mwa Mto Ruvuma tumezoea kujitazama miguuni, tusije tukabeba kupe. Lakini kupe ana ndugu yake, papasi, naye hangoji majanini. Mchana hujificha katika nyufa na vumbi la sakafu ya udongo. Usiku hutoka, humnyonya damu aliyelala, kisha hurudi mafichoni. Aliyeumwa huenda asimwone kamwe. Mmoja wa watu waliofichua siri ya mdudu huyu, na kufa kwa ajili yake, ni Daktari Joseph Everett Dutton.

Dutton alizaliwa Uingereza mwaka 1874, akasomea udaktari mjini Liverpool. Mwaka 1901 alikwenda Gambia, na huko akavitambua katika damu ya mgonjwa vijidudu ambavyo baadaye vilijulikana kuwa ndivyo viletavyo malale.

Mwaka 1903 akatumwa Kongo pamoja na mwenzake, Daktari Todd. Wakapanda na mto mpaka Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Katika nchi hiyo ilikuwako homa ya ajabu: humshika mtu siku chache, ikamwacha, akadhani amepona, kisha ikamrudia. Basi wakakusanya papasi, wakawaacha wawaume kima, na kima wakaugua. Tena wakaona kwamba hata papasi wachanga, waliotoka mayaini karibuni, waliweza kuambukiza, maana wamerithi ugonjwa kwa mama yao. Mwaka 1904 Ross na Milne nao waligundua huko Uganda kwamba papasi ndiye aletaye homa hiyo.

Kazi ile ilikuwa ya hatari. Dutton na Todd wote wawili walishikwa na homa ileile waliyoichunguza. Todd akapona, Dutton akafariki dunia Kasongo tarehe 27 Februari 1905, naye ana umri wa miaka 30 tu. Kijidudu cha homa hiyo kikapewa jina lake: Borrelia duttonii.

Siku hizi homa ya papasi hutibika, mgonjwa akiwahi hospitali. Lakini kinga ni bora. Msafiri asilale chini katika kibanda kikuukuu. Alale kitandani, mbali na ukuta, na chandarua akichomeke vizuri chini ya godoro. Na homa ikimshika baada ya safari, amweleze daktari mahali alipolala.