Leonardo da Vinci na Picha ya Vita Isiyomalizika

Katika nchi ya Italia, si mbali na Florence, uko mji mdogo uitwao Vinci. Huko alizaliwa Leonardo, tarehe 15 Aprili, mwaka 1452. Baba yake alikuwa mwandishi wa hati za sheria. Mama yake, Caterina, alikuwa mtu wa hali ya chini, nao hawakuoana. Walakini mtoto huyo alijaliwa jicho la kutazama na mkono wa kuchora. Alipokuwa kijana alipelekwa Florence kwa fundi mashuhuri, jina lake Verrocchio, akafundishwa kazi ya rangi na ya kuchonga sanamu.

Leonardo alitumia mkono wa kushoto, akaandika kutoka kuume kwenda kushoto, hata maandiko yake husomeka vizuri kwa kioo. Alitaka kujua kila kitu: maji yaendavyo, ndege warukavyo, na mishipa ilivyopangwa mwilini mwa mtu.

Basi mwaka 1503, alipokuwa amekwisha kupata sifa kubwa, wakuu wa Florence walimpa kazi. Walitaka ukuta wa ukumbi wao wa baraza upambwe kwa picha ya vita vya Anghiari. Katika vita hivyo, tarehe 29 Juni, mwaka 1440, watu wa Florence na wenzi wao waliwashinda watu wa Milan. Mwaka 1504 fundi mwingine, Michelangelo, aliyekuwa bado kijana, aliagizwa kuchora vita vingine katika ukumbi ule ule. Watu wa mji wakangoja kuona mafundi hao wawili watafanya nini.

Leonardo hakuukimbilia ukuta. Kwanza alitwaa vipande vya karatasi, akachora kwa kalamu ya wino watu na farasi wadogo wadogo. Aliwachora upesi, mstari juu ya mstari, akijaribu hivi na kujaribu vile. Kisha akachora vichwa vya askari, vikubwa na kwa uangalifu: mmoja amefumbua kinywa apiga kelele, na ngozi ya uso imekunjamana. Katika karatasi moja alichora farasi, simba na mtu, wote wameghadhibika, apate kuona jinsi hasira igeuzavyo nyuso. Maana yeye aliona vita kuwa wazimu wa kinyama, wala hakutaka kuvipamba. Katikati ya picha yake wapanda farasi waligombea bendera, na farasi wenyewe waliumana kwa meno.

Baada ya hayo alipewa chumba kikubwa katika nyumba ya watawa wa Santa Maria Novella. Huko aliunganisha makaratasi mengi, akachora picha kubwa ya kufuatwa ukutani. Hata tarehe 6 Juni, mwaka 1505, akaanza kutia rangi. Siku hiyo hiyo hewa ilichafuka, ile karatasi kubwa ikapasuka, na mvua kubwa ikanyesha mpaka jioni.

Lakini taabu kubwa zaidi ilikuwa ya rangi. Mafundi wa Italia walizoea kupaka rangi juu ya chokaa mbichi, nayo ikikauka huishika rangi. Kazi hiyo yataka mtu mwepesi, kwa maana chokaa haingoji. Leonardo alipenda kwenda polepole na kurekebisha, kwa hiyo akataka kutumia rangi za mafuta. Rangi haikushika vema. Husimuliwa ya kuwa aliwasha moto ili ikauke. Upande wa chini ukakauka, bali juu, mahali joto lisipofika, rangi ikatiririka.

Mwaka 1506 aliiacha kazi, akaenda Milan. Wakuu wa Florence walinung'unika kwamba amepokea fedha nyingi na kufanya kidogo. Michelangelo naye aliitwa Roma na Papa, wala picha yake haikufika ukutani. Yale makaratasi makubwa ya wote wawili yalipotea. Tangu mwaka 1563 Giorgio Vasari aliupamba ukumbi ule upya kwa picha za vita vingine.

Mwaka 1516 Leonardo alikwenda Ufaransa, akakaa kwa heshima chini ya ulinzi wa Mfalme Francis I. Alifariki huko Amboise, tarehe 2 Mei, mwaka 1519, mwenye umri wa miaka 67.

Je, kazi yake ilipotea bure? Sivyo. Vile vikaratasi vidogo vya kujaribia vimehifadhiwa Venice, Budapest, na Windsor katika Uingereza. Ukuta umepotea, karatasi zimebaki, na wachoraji bado hujifunza kwazo.

Enyi wanafunzi, angalieni mambo mawili. Watu wa Florence walikuwa na haki ya kunung'unika, kwa kuwa aliyepokea ujira ana deni la kumaliza kazi. Lakini pia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Leonardo aliinama juu ya karatasi ndogo, ambazo hakuna aliyemlipa kwa ajili yake, akazifanya kwa bidii ile ile. Na hizo ndizo zinazomshuhudia hata leo. Basi msiidharau kazi ndogo ya matayarisho, wala msiiache kubwa katikati.